Chokaa ya mjomba haikuiva: namna ya kutabiri mmenyuko utaelekea wapi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga. Kwenye mtihani wa majaribio tulipewa chombo kilichofungwa, ndani yake mna mawe ya chokaa, chokaa isiyozimwa na gesi ya kaboni dioksaidi, vyote vikiwa kwenye msawazo katika nyuzi 800 za Selsiasi. Tukaulizwa kitatokea nini tukiongeza mawe, tukiingiza naitrojeni bila kubadili ujazo, tukipunguza ujazo kwa nusu, na tukipandisha joto. Nilijibu yote kwa kanuni ya Le Chatelier, kwamba mfumo unapinga badiliko. Nimepata moja tu, la joto. Halafu likizo nilikwenda kwa mjomba wangu, njia ya Pangani, anakochoma chokaa. Akaniambia tanuri likikosa upepo mawe hayaivi hata moto uwe mkali vipi, na mawe makubwa hubaki na kiini kibichi. Hilo nalo nikashindwa kulieleza. Nawezaje kutabiri bila kubahatisha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umekuja nalo pamoja na mjomba. Watu wengi huiacha kemia kwenye daftari na chokaa kwenye tanuri, kana kwamba hayajuani. Nimefundisha somo hili miaka mingi hapa mjini, na kosa ulilolifanya nimelikuta kwenye karatasi za majibu mwaka baada ya mwaka. Halitokani na uvivu wa mwanafunzi. Linatokana na sentensi moja ambayo sisi walimu tumewakaririsha.

Sentensi yenyewe ni hiyo hiyo uliyoiandika: mfumo unapinga badiliko. Ni fupi, inashikika, na mara nyingi inatoa jibu sahihi. Lakini hilo neno "kupinga" lina madhara. Linakufanya ukione chombo cha gesi kama mtu mkaidi anayesubiri achokozwe ili alipize. Ukishakiona hivyo, kila utakalolifanya utalihesabu kuwa uchokozi, na kila uchokozi utautafutia kisasi chake. Umeongeza mawe? Basi mfumo utayapunguza mawe. Umeingiza naitrojeni? Kanieneo imepanda, basi mfumo utaishusha. Ndivyo ulivyojibu, na ndipo alama zilipopotelea.

Ndani ya chombo hakuna anayepinga chochote. Kuna safari mbili tu, zinazokwenda kwa wakati mmoja. Jiwe (CaCO3) linavunjika kuwa chokaa isiyozimwa (CaO) na kuachia gesi (CO2):

CaCO3 → CaO + CO2

Na gesi ile ile inaigonga chokaa na kurudi kuwa jiwe:

CaO + CO2 → CaCO3

Wazee wetu wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kaboni dioksaidi kwenye chombo kilichofungwa iko hivyo: itazunguka weee, itarudi kwenye chokaa, maana haina pa kutokea. Mwanzoni gesi ni chache, wanaorudi ni wachache. Gesi ikizidi, wanaorudi wanaongezeka, mpaka ifike mahali idadi inayotoka kwenye jiwe kwa sekunde ni sawa na idadi inayorudi. Hapo ndipo msawazo. Safari hazikusimama, zimelingana tu. Ukitaka picha, simama mlangoni pa soko la Mgandini saa nne asubuhi. Watu wanaingia, watu wanatoka, sura zinabadilika kila dakika, lakini ukihesabu waliomo ndani idadi haibadiliki sana.

Sasa, ya kwamba mmenyuko unaweza kurudi nyuma si jambo ambalo watu walilijua siku zote. Hadi mwisho wa karne ya 18 wanakemia wengi waliamini kwamba kila kitu kina mvuto wake, na mwenye mvuto mkubwa humnyang'anya mwenye mvuto mdogo, basi. Claude Louis Berthollet, mwanakemia Mfaransa, alikwenda Misri mwaka 1798 na msafara wa Napoleon. Kando ya maziwa ya magadi kule jangwani akaona magadi, yaani sodiamu kaboneti, yamejijenga kwenye kingo. Alijua kwamba kwenye maabara mambo huenda kinyume chake: ukichanganya magadi na kalsiamu kloridi kwenye maji unapata kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa, na chumvi. Pale ziwani chumvi ilikuwa nyingi mno na jiwe la chokaa lilikuwa jingi mno, na mmenyuko ukarudi nyuma. Akaelewa kwamba wingi wa kitu una nguvu ya kuamua mwelekeo. Mimi hulipenda sana tukio hili, kwa sababu chumvi na mawe ya chokaa ndivyo vitu viwili ambavyo mtoto wa pwani yetu anavikanyaga kila siku.

Wazo hilo lilipata hesabu yake mwaka 1864, mikononi mwa Wanorwe wawili waliokuwa mashemeji, Cato Guldberg na Peter Waage. Na hesabu hiyo ndiyo nataka uishike, kwa sababu ndiyo inayofuta kubahatisha.

Kwa kila mmenyuko unaorudi nyuma unaweza kuandika uwiano mmoja. Juu unaweka vitu vya kulia, kila kimoja kwa kadiri kilivyokolea (gesi waweza kuipima kwa kanieneo yake), ukivizidisha. Chini unaweka vya kushoto. Namba iliyo mbele ya kitu kwenye mlinganyo inakuwa kipeo chake. Uwiano huo, ukiuhesabu wakati wowote ule, hata kabla ya msawazo, unaitwa Q. Mmenyuko ukishatulia, Q inafika kwenye thamani moja maalumu ambayo kwa joto lile haibadiliki. Hiyo ndiyo K.

Basi kutabiri ni kulinganisha. Q ikiwa ndogo kuliko K, vitu vya kulia bado ni pungufu, mmenyuko utaelekea kulia. Q ikiwa kubwa kuliko K, utarudi kushoto. Zikilingana, hauendi popote. Chukua haidrojeni na ayodini zinazotengeneza haidrojeni ayodaidi, HI: H2 + I2 ⇌ 2HI. Karibu na nyuzi 430, K yake ni takribani 54. Nikikupa chombo chenye haidrojeni 0.1, ayodini 0.1 na HI 0.4, Q ni 0.4 mara 0.4 gawanya kwa 0.1 mara 0.1, yaani 16. Ni ndogo kuliko 54, kwa hiyo HI itaongezeka. Angalia kwamba hapa hakuna "badiliko" lolote la kupinga. Vitu vimewekwa tu. Kanuni ya Le Chatelier ingekaa kimya, lakini Q na K zimesema.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu akiniuliza mmenyuko utafanya nini, na mimi humuuliza kwanza: mkono wako umegusa wapi? Umegusa Q, umegusa K, au hujagusa chochote kati ya hivyo? Ukilijibu hilo, kazi kubwa umekwisha kuifanya.

Turudi kwenye mtihani wako. Andika Q ya tanuri. Kuna CaO kulia na CaCO3 kushoto, lakini zote mbili ni yabisi, na yabisi haina ukolezi wa kubadilika: gramu moja ya jiwe na tani moja ya jiwe zimeshikana kwa namna ile ile kwa ndani. Kwa hiyo haziingii kwenye hesabu. Kinachobaki ni kanieneo ya kaboni dioksaidi peke yake. Q ni kanieneo ya CO2. Kwenye nyuzi 800, K ni takribani angahewa 0.22, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya kanieneo ya hewa unayovuta pale Raskazone.

Umeongeza mawe. Je, kanieneo ya CO2 imebadilika? Hapana. Q ni ile ile, K ni ile ile, hakuna kinachosogea. Najua moyo unakataa. Unajiwazia kwamba mawe yakizidi, gesi inayotoka nayo itazidi. Ni kweli, lakini eneo la kurudia nalo hupanuka: palipo na uso mkubwa zaidi wa yabisi, wanaotoka huongezeka na wanaorudi huongezeka kwa kadiri ile ile. Nenda kwenye mashamba ya chumvi ukatazame maji yaliyokwisha kukolea, chumvi imeanza kujitenga chini. Mwagia humo debe zima la chumvi. Maji hayatakuwa na chumvi zaidi ya yaliyokuwa nayo. Rundo la chini ndilo litakalokua.

Umeingiza naitrojeni, ujazo haujabadilika. Kanieneo ya jumla imepanda, ni kweli, na hapo ndipo wengi hunaswa. Lakini Q haiulizi kanieneo ya jumla. Inauliza ya CO2. Molekuli za CO2 ni zile zile, ndani ya nafasi ile ile. Naitrojeni ni mgeni anayepita barazani bila kuzungumza na mtu. Hakuna kinachosogea.

Umepunguza ujazo kwa nusu. CO2 imebanwa, kanieneo yake imeruka kutoka 0.22 hadi 0.44. Q imekuwa mara mbili ya K, mmenyuko unarudi kushoto, chokaa inaigeuza gesi kuwa jiwe. Hadi lini? Mpaka Q irudi kuwa 0.22. Na kwa kuwa Q hapa ni kanieneo ya CO2 yenyewe, kanieneo ya mwisho inarudi 0.22 kamili, si zaidi, mradi chokaa ya kuipokea gesi isiishe. Nadhani wewe uliandika "kanieneo itapungua kidogo", kwa sababu umefundishwa kwamba mfumo hupunguza badiliko, haulifuti. Kwenye mmenyuko huu unalifuta lote.

Umepandisha joto. Hapa mkono umegusa K yenyewe. Kuvunja jiwe la chokaa kunakula joto, kama kilojuli 178 kwa kila moli, kipimo chetu cha wingi wa chembe. Mmenyuko unaokula joto, K yake hupanda joto likipanda. Unaotoa joto, K yake hushuka. Kwenye nyuzi 900 hivi, K ya jiwe la chokaa inafika angahewa 1. Sekunde unayopandisha joto, K imeruka juu na Q imebaki nyuma kwa mbali, kwa hiyo mmenyuko unakimbilia kulia. Hili ulipata, lakini ningependa ulipate kwa sababu hii.

Haya, mjomba.

Mjomba wako hajasoma kidato cha sita, labda, lakini anaijua Q kwa ngozi ya uso wake. Tanuri lake si chombo kilichofungwa. Ukipanga magogo, ukaweka mawe juu, ukawasha, upepo wa bahari unapita katikati na kuichukua CO2 kila inapotoka. Q inabaki chini daima. K inasema "jaza mpaka 0.22", na upepo unamwaga kila kinachojazwa. Msawazo haufikiwi kamwe, na mawe yanaendelea kuvunjika mpaka yaishe. Upepo ukikata, CO2 ya mawe pamoja na CO2 ya kuni zenyewe vinatulia juu ya rundo, Q inapanda kuelekea K, na safari ya kulia inapungua kasi. Moto nao, bila upepo, hauwaki kwa nguvu. Kwa hiyo mjomba anaadhibiwa mara mbili: K imeshuka kwa kukosa joto, Q imepanda kwa kukosa upepo. Anaposema mawe hayaivi "hata moto uwe mkali vipi", anatenganisha mambo mawili ambayo vitabu vingi huyachanganya. Mfikishie salamu zangu.

Na kiini kibichi? Fikiri uko ndani ya jiwe kubwa kama kichwa cha mtu. Gesi inayotoka katikati haioni upepo. Inabidi ipenye kwenye vitundu vyembamba mpaka nje, na inajirundika. Pale kiini kilipo, kanieneo ya CO2 inaweza kukaribia angahewa 1 nzima, hata kama nje upepo unavuma. Ili Q hiyo ishindwe, K lazima nayo ivuke 1, yaani kiini chenyewe kifike nyuzi 900 au zaidi, ilhali joto linachukua muda mrefu kupenya. Ganda la nje limeshaiva zamani, kwa sababu lenyewe linapambana na hewa ambayo CO2 yake ni kama 0.0004 tu ya angahewa. Ndiyo maana wachomaji wazoefu huvunja mawe yakawa madogo na yanayolingana.

Hapo nikuonye jambo moja. Ukichukua hiyo 0.0004 ukailinganisha na K, utakuta jiwe lililo kwenye hewa wazi lingeweza kuanza kuvunjika mahali fulani kati ya nyuzi 500 na 600. Mbona hakuna anayechoma chokaa kwa joto hilo? Kwa sababu Q na K zinakwambia mwelekeo tu. Hazisemi neno lolote kuhusu kasi. Mmenyuko unaweza kuwa na kila sababu ya kwenda kulia, ukachukua wiki. Wanafunzi wengi huichanganya kasi na mwelekeo, na hapo ndipo hukosea swali la kichocheo. Kichocheo kinaharakisha safari ya kwenda na ya kurudi kwa kadiri moja. Hakigusi Q, hakigusi K. Kitakufikisha mapema pale pale ambapo ungefika.

Huenda unajiuliza kama namdharau Le Chatelier. La hasha. Namheshimu, na ningependa umjue kama mtu. Henry Le Chatelier alizaliwa Paris mwaka 1850, akasomea uhandisi wa migodi, na kazi yake ya udaktari ya mwaka 1887 ilihusu saruji na chokaa zinazokaza majini. Yaani mtu ambaye jina lake linakusumbua kwenye mtihani alikuwa mtu wa chokaa kama mjomba wako, na angeelewa vizuri sana kinachofanyika kule Pongwe kwenye kiwanda cha saruji, ambako jiwe la chokaa la Tanga huvunjwa kwa mmenyuko huu huu kabla ya kupikwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450. Alitangaza kanuni yake mwaka 1884 na kuiandika upya kwa ufupi mwaka 1888.

Mfano alioutoa wa matanuri ya chuma haunitoki akilini. Wenye viwanda Ulaya waliona kwamba gesi inayotoka juu ya tanuri la chuma bado ina kaboni monoksaidi nyingi ambayo haijafanya kazi. Wakaamini gesi haipati muda wa kutosha kukutana na mawe ya chuma. Wakajenga matanuri marefu zaidi na zaidi, kwa fedha nyingi. Gesi iliyotoka ilikuwa na kaboni monoksaidi kwa kiasi kile kile. Mmenyuko ulikuwa umefika kwenye msawazo. Q ilikuwa imelingana na K, na urefu wa tanuri haumo kwenye Q wala kwenye K. Wangeuliza swali la "mkono umegusa wapi" wasingepandisha hata tofali moja.

Kwa hiyo kanuni yake itumie, ila iwe njia ya mkato ya mtu anayeijua barabara kuu. Nitakuonyesha mahali patatu ambapo mkato unapoteza watu, na mtihani unapapenda.

Kwanza ni gesi ya kahawia. N2O4 haina rangi, inavunjika kuwa 2NO2 yenye rangi ya kahawia. Bana bomba lake la sindano kwa ghafla mpaka nusu. Mwanafunzi anajibu: mfumo utaelekea kwenye moli chache, kahawia itapungua, rangi itafifia kuliko mwanzo. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Q ina NO2 iliyopandishwa kipeo cha 2 juu, na N2O4 chini. Ukibana nusu, juu panakuwa mara nne, chini mara mbili, Q inakuwa mara mbili ya K, mmenyuko unarudi kushoto. Lakini rangi? Sekunde ya kubana inakolea sana, halafu inafifia kidogo, na inaishia ikiwa imekolea kuliko kabla hujabana. Uthibitisho wake ni mwepesi: mwishoni N2O4 imekolea kuliko mwanzo, na uwiano lazima uwe K ile ile, basi NO2 nayo lazima iwe imekolea kuliko mwanzo. Hakuna namna nyingine ya hesabu kukaa sawa. (Gesi hii ni sumu kwenye mapafu. Itazame kwenye bomba lililozibwa, mbele ya mwalimu.)

Pili ni kuongeza maji. Ile rangi nyekundu kama damu ya ayoni ya chuma ikishikana na thayosayaneti umeiona maabara. Ukimimina maji mpaka ujazo uwe mara mbili, itakuwaje? "Mfumo unapinga nini?" hapa halina jibu la wazi, kwa sababu maji hayamo kwenye mlinganyo unaouandika. Andika Q: juu kuna kitu kimoja chekundu, chini kuna viwili vinavyozidishana. Kila kimoja kimepungua kwa nusu. Juu ni nusu, chini ni nusu mara nusu, yaani robo. Nusu gawanya kwa robo ni 2. Q ni mara mbili ya K, mmenyuko unarudi kushoto, na wekundu unafifia kuliko ambavyo maji peke yake yangeufifisha. Mistari miwili ya hesabu, na hakuna kubahatisha.

Tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ukiielewa hii hutarudi nyuma. Amonia:

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3

Nikikuuliza, ukiongeza naitrojeni amonia itaongezeka? Utasema ndiyo, bila kufikiri. Ujazo ukiwa haubadiliki, ni kweli. Lakini tuseme chombo kina pistoni, kanieneo ya jumla haibadiliki, ujazo unapanuka. Na tuseme kwenye msawazo kuna moli 6 za naitrojeni, 2 za haidrojeni na 2 za amonia, jumla 10. Kanieneo ya kila gesi ni sehemu yake kwenye jumla. Ukiandika Q na kupanga vizuri, utaona inategemea jumla ya moli kipeo cha 2 gawanya kwa moli za naitrojeni, mara vitu ambavyo hujavigusa. Kabla: 10 mara 10 gawanya kwa 6, ni 16.7. Ongeza moli 4 za naitrojeni: jumla ni 14, naitrojeni ni 10. Sasa 14 mara 14 gawanya kwa 10 ni 19.6. Q imepanda juu ya K. Mmenyuko unarudi kushoto, na amonia inavunjika ili itoe naitrojeni zaidi, ilhali wewe ndiye uliyetia naitrojeni!

Ukiwaza kwa "kupinga" utasema hesabu ina kosa. Haina. Chombo kilivyopanuka, haidrojeni imetawanyika, na haidrojeni kwenye Q ina kipeo cha 3. Hasara ya haidrojeni kutawanyika imezidi faida ya naitrojeni kuongezeka. Hii hutokea naitrojeni inapokuwa zaidi ya nusu ya moli zote. Chukua kalamu ulithibitishe hilo mwenyewe, usiniamini mimi.

Na kwa kuwa tumeitaja amonia, ione ilivyofunga ndoa ngumu ya K na kasi. Mmenyuko wake unatoa joto, kilojuli 92 hivi kwa moli mbili za amonia. Kwenye nyuzi 25, K yake ni karibu 600,000. Kwenye nyuzi 400 imeanguka mpaka takribani 0.00016. Baridi inakupa K nzuri na kasi ya konokono. Joto linakupa kasi na K mbovu. Le Chatelier mwenyewe alijaribu mwaka 1901, chombo kikalipuka, akaacha. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba inawezekana, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani. Suluhisho lao linatumika mpaka leo: kichocheo cha chuma, joto la kadiri ya nyuzi 400 na kitu, kanieneo ya angahewa 200 hivi ili kuipigisha Q chini, na amonia inapoozwa na kutolewa kila inapopatikana, gesi iliyobaki ikarudishwa tena. Hicho cha mwisho ni kile kile cha upepo wa mjomba: unachukua zao, Q haipandi.

Kwenye mtihani, mwanangu, msahihishaji bado anataka kuona jina la Le Chatelier. Mpe. Lakini pembeni ya karatasi, kwa penseli, andika Q kwanza, weka alama ya kinachobadilika, linganisha na K, kisha ndipo uandike sentensi nzuri. Inachukua nusu dakika. Na ukikuta swali la joto, usihangaike na Q hata kidogo. Uliza tu mmenyuko unakula joto au unatoa, kisha sogeza K.

Likizo ijayo ukirudi kwa mjomba, mwombe jiwe moja kubwa lililotoka tanurini na likapoa. Mwambie yeye alipasue, wewe kaa mbali na vumbi lake na ulinde macho, maana chokaa isiyozimwa inaunguza, na ikikutana na maji inachemka. Kipande chenyewe usikishike kwa mkono mtupu. Chukua ndimu, dondosha tone moja kwenye ganda la nje, na tone jingine katikati. Mahali palipoiva patapata moto lakini hapatatoa povu, kwa sababu CO2 ilishaondoka na upepo. Mahali pabichi patatoa povu. Pima kwa rula povu linaanzia sentimita ngapi kutoka nje, rudia kwa jiwe dogo na kwa jiwe kubwa, kwa rundo lililochomwa siku ya upepo na lililochomwa siku ya shwari, kisha niandikie umepata nini.